Mafundi wa fensi za stima, erthi ya futi mbili ni wizi!

Wakulima wenzangu, leo nina hasira. Niko upande wa Gilgil, ekari nne. Novemba nililipa shilingi 90,000 nifungiwe fensi ya stima: mashine ya juli 3 (juli ndiyo kipimo cha nguvu ya pigo lake), nyaya tano, insuleta, kila kitu. Juzi ng'ombe wangu watatu wamekesha kwenye kabeji za jirani, mzee anayezimwagilia kwa ndoo kiangazi chote. Asubuhi nilimkuta amesimama katikati ya mashina, hasemi neno. Heri angenitukana.

Nikaenda kwenye fensi. Mashine inalia tik, tik, taa inawaka. Ndama ameegemeza shingo kwenye waya, anacheua. Anacheua! Kipimo kilisoma volti 1,100, na ng'ombe hamheshimu waya ulio chini ya 3,000.

Nikampigia fundi. Eti mashine ni ndogo, ninunue kubwa zaidi.

Nikafuata waya wa erthi, ule unaotoka kwenye mashine kwenda kwenye chuma kilichochomekwa ardhini, hadi nyuma ya boma. Kipande kimoja cha chuma cha Y12, masalio ya ujenzi wa mtu. Nilikivuta kwa mkono mmoja kikatoka kama karoti: futi mbili, kutu tupu, na mchanga unaomwagika mkavu kama unga.

Fundi, ulijua. Stima ya fensi lazima izunguke: itoke kwenye mashine, ipite kwenye waya, imwingie mnyama, ishuke kwatoni, irudi kupitia udongo hadi kwenye erthi. Njia ya kurudi ikikosekana, hata ukifunga mashine ya juli 20 ng'ombe atapita tu. Na udongo wetu wa majivu ya volkano ukikauka, stima haipiti vizuri.

Kazi ya haki ni vyuma vitatu kwenda juu, vya kupakwa zinki, futi sita kila kimoja, mita tatu kutoka kimoja hadi kingine, vifungwe kwa klempu, si kuviringisha waya. Viwe mbali na erthi ya stima ya nyumba, mita kumi au zaidi. Huku kwetu pakavu, waya mmoja au miwili ya fensi nayo iungwe na erthi, ili mnyama akigusa huo pamoja na ule wenye stima apigwe bila kungoja udongo.

Kupima nako ni dakika kumi. Zima mashine, egemeza vyuma kati ya waya na udongo, mita 100 kutoka kwenye mashine, washa. Volti za fensi zikishuka chini ya 2,000, pima chuma cha mwisho cha erthi. Kikisoma zaidi ya 300, erthi haitoshi, ongeza vyuma. Fundi wangu hakupima chochote, alipokea pesa akapanda bodaboda.

Kabeji za mzee nimezilipa. Fundi sasa hashiki simu, nami pesa zangu nitazidai. Wewe uliyefungiwa mwaka huu, zima mashine, nenda nyuma ya boma ukavute chuma chako, kisha utuambie hapa kimetoka na futi ngapi.