Ushuru wa soko kwa simu: nani aliulizwa?

Mama Sambaza: Nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, soko la Kadutu, hapa Bukavu, Kivu Kusini, Kongo. Sasa ushuru tunalipa kwa simu. Menyu yote Kifaransa. Ukikosea namba unaanza upya, vidole vimejaa magamba. Hakuna aliyekuja kutuuliza. Tufanyeje?

Kijana wa Ibanda: Pole mama. Mbona Kivu Kusini bajeti shirikishi, ile ya wakaaji kuamua pesa za serikali zitumike wapi, iliwahi kualika wakaaji mikutanoni kwa SMS, na maamuzi yakatangazwa kwa SMS? Ombeni waliotengeneza menyu waje na simu ya majaribio, mubonyeze wenyewe, wao wakae kimya waangalie munakwama wapi.

Papa Fundi: Waje sokoni asubuhi, lakini. Si semina ya hotelini, soda na kofia.

Mama Sambaza: Soda naitaka pia, papa! Jumatatu namwona mkuu wa soko.