Kuendesha gari kwenye theluji na barafu: tupeane uzoefu

Mlandege (Columbus, Ohio)

Wakuu, poleni na baridi. Jana asubuhi nikielekea kazini, pikapu moja kubwa yenye foo-wili ilinipita kwa kasi, na kabla haijafika darajani ilikuwa imeshageuka na kutazama tulikotoka, huku mama mmoja mzee akipita taratibu na kigari chake cha kuvutwa na magurudumu ya mbele mpaka akavuka salama. Jambo hilo limenikumbusha mengi, na ndiyo maana naomba tupeane uzoefu. Kila mmoja aeleze anaendesha gari la aina gani, limevaa matairi gani, na ni lini theluji ilimtisha kuliko wakati mwingine wowote. Wapo ndugu zetu waliofika karibuni kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma ambao wanashika usukani katika hali hii kwa mara ya kwanza, na wanahitaji maneno ya watu waliopitia.

Fundi wa Scarborough (Toronto)

Ndugu Mlandege, hicho ulichokiona ndicho ninachowaeleza wateja wangu kila Novemba. Foo-wili hugawa nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne, kwa hiyo husaidia gari kuondoka na kupanda kilima, lakini haina msaada wowote wakati wa kusimama, kwa sababu kila gari lina breki kwenye magurudumu manne. Mwenye foo-wili hudanganyika kwa kuwa gari lake linachanganya kasi vizuri, naye hugundua ukweli wa barabara pale tu anapokanyaga breki, akiwa ameshachelewa.

Kinachookoa ni tairi. Raba ya tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, hata kama hakuna theluji. Tairi la baridi limetengenezwa kwa raba inayobaki laini, tena lina mikato mingi myembamba inayong'ata theluji. Tafuteni ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Herufi M+S peke yake zinaeleza sura ya kashata tu, yaani ile michoro ya mitaro kwenye uso wa tairi, na tairi linaweza kuzibeba bila kupimwa kwenye theluji. Pia msinunue mawili mkayafunga mbele tu, kwa maana mbele patashika na nyuma patakimbia, na gari litajizungusha kwenye kona.

Mama wa Portland (Maine)

Daraja! Nasisitiza hapo kwenye daraja. Hupigwa na baridi juu na chini, kwa hiyo huganda kabla ya barabara iliyolala juu ya ardhi.

Mwana wa Rukwa (Minneapolis)

Naheshimu maneno ya Fundi, lakini naona tunasahau dereva. Mimi nimejifunza kuendesha kati ya Sumbawanga na Mpanda wakati barabara ile ilikuwa tope tupu kila masika, malori yakilala siku kadhaa yakisubiri udongo ukauke. Mtu aliyelelewa na tope hashindwi na theluji. Ameshazoea kuondoka na gia ya pili, kushika usukani bila kuukaba, kutokanyaga breki kwa ghafla, na kupanda kilima kwa mwendo mmoja bila kusimama katikati. Nilipofika Minnesota nilikuta wenyeji waliozaliwa hapa wakiingia mtaroni huku mimi nikipita.

Nuru (Tampere, Finland)

Kaka, hapo kwenye tope tutatofautiana. Tope lina chini yake. Tairi likizunguka kwa nguvu linaweza kuchimba mpaka likakuta ardhi ngumu. Barafu haina chini. Tairi likizunguka juu yake linaisugua na kuilainisha, na kila ukiongeza mafuta unajitengenezea kioo kizuri zaidi cha kutelezea. Huku Finland hakuna anayepata leseni bila mafunzo ya kuendesha kwenye utelezi, na jambo la kwanza nililoonyeshwa ni umbali ambao gari linaendelea kwenda baada ya breki kukanyagwa.

Tena wageni wengi huogopa nyuzi 20 chini ya sifuri na kujisikia salama joto likikaribia sifuri. Ukweli ni kinyume. Barafu yenye baridi kali ni kavu na inashika kiasi, ilhali barafu iliyo karibu na sifuri ina utando wa maji juu yake, nayo ndiyo inayoua.

Mwana wa Rukwa (Minneapolis)

Dada Nuru, sikusema theluji ni tope. Nimesema mkono uliofunzwa na tope ni mkono mpole. Ukipenda kunifundisha, anza kwa kusoma nilichoandika.

Nuru (Tampere, Finland)

Nimesoma, kaka, na umeandika kwamba aliyelelewa na tope "hashindwi". Kijana aliyeshuka ndege juzi akiliamini neno hilo atalipeleka barabarani pamoja na watoto wake. Hapo ndipo ninapokataa.

Semitrela (dereva wa masafa marefu, New Jersey)

Nilikuwa nasoma tu, lakini habari ya kusimama imenigusa, acheni nieleze.

Jumatatu tarehe 3 Januari 2022 nilikuwa natoka Florida na mzigo wa matunda, nikipanda kaskazini kwa barabara kuu ya I-95. Virginia ilianza kwa mvua, na mvua ikitangulia huwa inasafisha chumvi yoyote iliyomwagwa. Kisha joto likaporomoka, na theluji nzito ikaanguka juu ya lami iliyolowa. Karibu na Fredericksburg kuna miinuko midogo ambayo siku nyingine huioni hata kuwa ni miinuko. Siku hiyo malori yaliyokuwa mbele yangu yalishindwa kuipanda, moja baada ya jingine, na mawili niliyoyaona kwa macho yangu yalijikunja, trela likaja ubavuni mwa kichwa na kuziba njia. Magari madogo yakajaa katika kila nafasi iliyobaki, hivyo hata greda za kusukuma theluji hazikuwa na pa kupita. Tukasimama. Jua likatua tukiwa palepale.

Kando yangu kulikuwa na gari dogo lenye mama kijana na watoto wawili. Kutoka juu kwenye kabini nilikuwa namwona akiwasha injini na kuizima ili kubana mafuta. Kilichonitia hofu hakikuwa mafuta, bali theluji iliyokuwa imejaa nyuma ya gari lake mpaka imefunika ekzosi. Ekzosi ikizibwa, hewa ya kaboni monoksidi hurudi ndani ya gari, na haina harufu wala rangi; mtu husinzia tu, asiamke. Niliteremka na beleshi, nikagonga kioo, nikamwomba azime kwanza. Nikafukua mpaka bomba likawa wazi, nikamweleza awe anawasha kwa dakika kumi hivi kila saa, afungue kioo kidogo upande usiopigwa na upepo, na akague ekzosi kila anapotaka kuwasha.

Usiku ulipozidi kuwa mkali nilirudi kumwambia kwamba kabini yangu ina kitanda, ina joto, na dizeli iko zaidi ya nusu tangi. Alikataa, na nilimwelewa: ni usiku, ni mwanamume asiyemjua. Nikampa leseni yangu aipige picha pamoja na namba za lori, akazituma kwa dada yake, wakazungumza kwa simu. Baada ya hapo akapandisha watoto. Walilala kitandani, mimi nikakaa kwenye kiti. Nilikuwa na birika la umeme na maziwa ya unga, tukanywa chai. Asubuhi watu walitembea kwa miguu kutoka gari hadi gari wakiulizana hali, na mbele huko lori la mikate lilifunguliwa, madereva wakagawiwa. Tuliondoka Jumanne alasiri. Redioni tukasikia kwamba hata Seneta Tim Kaine alikuwa amekwama kwenye foleni ileile, naye alikaa humo saa 27 akielekea Washington.

Tangu siku ile, kuanzia Novemba mpaka Machi tangi langu halishuki chini ya nusu. Kwa wenzangu wa malori: kwenye barafu zimeni breki ya injini. Inashika magurudumu ya nyuma ya kichwa peke yake, na hapo ndipo trela huanza kuja.

Mama wa Portland (Maine)

Nimesoma hadi mwisho nikiwa nimesimama jikoni. Mungu akuzidishie. Yule mama na watoto walifika salama? Mliwasiliana tena?

Semitrela

Walifika, mama. Dada yake alinipigia simu usiku uleule kushukuru.

Mwana wa Rukwa (Minneapolis)

Ndugu Semitrela, kitendo chako ni cha utu. Hata hivyo, niseme kwa faida ya vijana wanaoanza kazi ya malori kwamba kampuni nyingi haziruhusu kupakia mtu asiyeandikishwa, na bima inaweza kukukana. Vijana wajue hilo kabla ya kuiga.

Mama wa Portland (Maine)

Mwanangu, watoto wawili wanaganda kando ya lori lako nawe unafikiria karatasi za bima? Mimi ningemwajiri dereva huyo mara mbili.

Mwana wa Rukwa (Minneapolis)

Sikusema awaache wagande, mama. Nimesema vijana wapige simu na kutoa taarifa kwa wakubwa wao wanapofanya hivyo, ili pasiwe na maneno baadaye.

Semitrela

Nilipiga simu ofisini kwetu kabla sijafungua mlango. Yaishe hapo, wakuu, turudi kwenye magari.

Kahama–Edmonton (Alberta)

Huku kwetu tatizo huanza kabla hujafika barabarani. Ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri oili inakuwa nzito na betri inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, kwa hiyo magari mengi yana kipasha joto cha injini chenye waya unaochomoza mbele, nawe unauchomeka kwenye umeme usiku. Ukiona gari la mtumba lina kichwa cha plagi kwenye grili, usidhani limekarabatiwa ovyo. Wenye dizeli wajue kwamba mafuta ya kiangazi huganda kama samli na kuziba filta, hivyo wajaze yale ya majira ya baridi. Na maji ya kuoshea kioo yawe yale yasiyoganda. Ukitia maji ya bomba yataganda, na lori likikurushia matope ya chumvi utabaki huoni kitu.

Chumvi yenyewe ina mpaka. Chini ya nyuzi 10 hivi za baridi inaanza kushindwa kuyeyusha barafu, ndiyo maana huku wanamwaga mchanga zaidi. Usiamini barabara kwa sababu tu umeona gari la chumvi limepita.

Mzee wa Leeds (Uingereza)

Huku matairi ya baridi si lazima kwa sheria, na wengi hatuna, kwa hiyo theluji kidogo tu husimamisha mji. Ushauri wangu ni ule wa zamani: ukitaka kusimama, pampu breki, kanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia.

Fundi wa Scarborough (Toronto)

Shikamoo, Mzee. Ushauri huo ni sahihi kwa gari lisilo na ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki. Kwa gari lenye ABS, mfumo wenyewe unapampu kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi. Dereva akanyage kwa nguvu, ashikilie, asiogope pedali ikitetemeka na kunguruma chini ya mguu wake. Wengi huachia wakidhani wameharibu kitu.

Mzee wa Leeds (Uingereza)

Marahaba, mwanangu. Langu halina ABS, nitaendelea kupampu.

Pwani–Oslo (Norway)

Naona hakuna aliyegusa magari ya umeme, nami najua mtu atakuja kusema kwamba lile janga la I-95 lingewaua wenye nayo. Norway karibu magari mapya yote yanayouzwa sasa ni ya umeme, na majira yetu ya baridi hayana huruma. Ni kweli kwamba baridi hupunguza umbali wa gari, na anayekataa hilo anawapotosha wageni. Lakini gari likiwa limesimama, kupasha joto ndani hutumia kilowati moja au mbili tu, kwa hiyo betri yenye nusu chaji inaweza kukuweka usiku kucha, na hakuna ekzosi ya kukuua usingizini. Shida yake ni kwamba likiisha, huwezi kuletewa galoni.

Kuhusu matairi, hapa wengi wanatumia yale yenye njumu za chuma. Kwenye barafu tupu hakuna linaloyashinda, ila hula lami na kutimua vumbi, na Oslo unalipia ada kuyatumia mjini.

Nuru (Tampere, Finland)

Nakubaliana nawe kuhusu njumu. Anayeishi mjini ambako lami husafishwa haraka anaweza kuishi bila hizo. Anayeishi kijijini, asijaribu.

Mwana wa Rukwa (Minneapolis)

Kwa wenye pikapu zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma: wekeni mifuko ya mchanga kwenye buti, juu ya ekseli. Mgongo wa pikapu tupu ni mwepesi mno. Na ukikwama, mchanga huohuo unaumwaga mbele ya tairi. Dada Nuru, hili nimelitoa Rukwa.

Nuru (Tampere, Finland)

Hili nalikubali kwa mikono miwili, kaka. Ila ifungwe vizuri, isije ikarukia mbele ukifunga breki.

Mlandege (Columbus, Ohio)

Nawashukuru wote. Kuna jirani yangu aliyetoka Kigoma ambaye ameletewa matairi manne ya baridi yaliyotumika, kwa bei nafuu. Fundi, atajuaje kama yanafaa?

Fundi wa Scarborough (Toronto)

Atazame ubavuni, kwenye mwisho wa mstari wa herufi DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Raba huzeeka hata ikikaa stoo, na tairi la baridi lililokakamaa limepoteza kazi yake. Kisha apime kina cha kashata. Finland na Sweden sheria inataka isipungue milimita 3, nami humwambia mteja atafute yenye zaidi ya hapo, kwa kuwa tairi likikaribia kipimo hicho kwenye theluji nzito halishiki tena. Apapase pia upande wa ndani, mahali ambapo muuzaji hageuzi tairi kukuonyesha, kuona kama kuna mpasuko au kiraka. Akikuta moja lina uvimbe, ayaache yote manne.