Baba afichwe saratani yake mpaka lini?

Mwulizaji, Tukuyu:
Shikamooni wakubwa. Baba yangu ana miaka 71, na tangu mavuno yaliyopita ugali haushuki. Anakunywa uji tu, na hata huo anaumeza akiwa amesimama, ameegemea mlango. Katika hospitali moja ya jijini Mbeya kipimo cha kamera kilionyesha uvimbe, na majibu ya kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe huo yakathibitisha kwamba ni saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Daktari alimwita kaka yangu pembeni akamweleza yeye, na tangu siku hiyo nyumba nzima inasema ni vidonda vya tumbo. Sasa inatakiwa saini ya baba ili awekewe mrija wa kupanua njia ya chakula, na kaka anataka fomu isomwe juu juu. Je, ni haki?

Muuguzi, Mbeya mjini:
Dada, kosa lilianzia kwa daktari alipomruka mwenye mwili. Siri ya ugonjwa ni ya mgonjwa, si ya mtoto wa kwanza, na ridhaa si dole gumba lenye wino, bali ni mtu kuelewa anafanyiwa nini, kwa sababu gani, na akikataa kutatokea nini. Mrija ule hauondoi saratani. Unamsaidia kumeza tu. Akidhani anatibiwa vidonda atangojea kupona, na mkimpeleka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi, kibao cha getini kitamwambia mliyoyaficha.

Mzee, Makambako:
Natofautiana kidogo na muuguzi. Mama yetu tulipomwambia aligeukia ukutani wiki nzima, uji haugusi. Wapo wazee wasiotaka kujua, na hiyo nayo ni haki yao.

Muuguzi, Mbeya mjini:
Ni kweli, mzee wangu, lakini wa kuchagua kutojua ni yeye, kwa hiyo aulizwe. Mimi huanza hivi: "Baba, wewe unadhani unaumwa nini?" Kisha namuuliza kama angependa aelezwe yote mwenyewe, au tuzungumze na mtu anayemwamini. Kaka awepo iwapo baba ataruhusu.

Mwulizaji, Tukuyu:
Ahsanteni. Jana usiku nilimuuliza swali lile la kwanza wakati namkorogea uji. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Vidonda vya tumbo havimfanyi kaka yako aanze kupima shamba la chai kwa hatua." Jumatatu tunarudi hospitali, na amesema ataingia kwa daktari peke yake.