Tupeane uzoefu: keki ya red velvet ya tabaka, jiko lako limekufundisha nini?

Mleta mada
Wadau wa kuoka, habari zenu. Vipimo vya red velvet, ile keki nyekundu yenye kakao kidogo na krimu nyeupe, vimejaa kila mahali na vingi vinafanana. Ninachokitafuta hapa ni yale ambayo mtu anayajua kwa kuwa ameyaona kwenye oveni yake mwenyewe. Naanza mimi.

Kwa tini mbili za sentimita 20 natumia unga wa ngano gramu 300, sukari gramu 330, kakao gramu 15, siagi gramu 115, mafuta ya kula mililita 120, mayai 3, mtindi mwembamba mililita 240, bekingi soda kijiko kimoja cha chai, siki kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko, vanila na rangi ya jeli. Oveni nyuzi 175 za Selsiasi, dakika 28 hadi 32.

Msimamo wangu ni huu: red velvet ni uchachu kwanza, rangi baadaye. Ukiondoa mtindi ukaweka maziwa ya kawaida, umepika keki ya vanila iliyopakwa rangi. Tena soda bila asidi ya kutosha haifanyi kazi yake. Keki inapanda kidogo, inakuwa nzito, na mdomoni inaacha ladha ya sabuni. Kama mtindi hakuna, tia kijiko kikubwa kimoja cha siki au maji ya limau kwenye mililita 240 za maziwa, acha dakika kumi yagande kidogo, kisha endelea.

Wengi wanapenda kuchanganya siki na soda kwenye kikombe hadi vifoke, halafu wanamimina kwenye rojo. Mimi sifanyi hivyo. Povu lile ndiyo gesi yenyewe, na ikipotelea kikombeni keki haiipati. Soda naichekecha pamoja na unga, siki naitia kwenye mtindi, na vinakutana oveni ikiwa imeshapata moto.

Kuhusu siagi na mafuta kwa pamoja: siagi naiweka kwa ajili ya ladha. Mafuta nayaweka kwa sababu keki hii, kwa kuwa hupakwa krimu chizi (jibini laini la kupaka), lazima ikae kwenye friji. Siagi ikipoa inaganda na keki inaonekana kavu hata kama si kavu. Mafuta hayagandi hivyo, kipande kinabaki laini.

Karibuni.

Mchangiaji 2
Asante mleta mada, umeanza pazuri. Mimi nitazungumzia kakao, maana ndiyo inayopuuzwa.

Kuna kakao ya asili na kuna iliyotiwa alkali. Ya asili ina rangi ya kahawia iliyopauka na ukiionja ni chachu kidogo. Iliyotiwa alkali ni nyeusi zaidi na uchachu umeondolewa. Kwa red velvet, chagua ya asili. Ina chembe za rangi ziitwazo anthosianini, ambazo zikikutana na asidi huelekea kwenye wekundu. Wekundu huo ni hafifu, wa kahawia yenye damu ya mzee, wala si ule wa kung'aa tunaouona kwenye picha. Wa kung'aa unatoka kwenye chupa. Kampuni ya Adams Extract ya Texas, Marekani, iliyokuwa ikiuza rangi za chakula, ni miongoni mwa waliousambaza mtindo huo kwa kugawa kadi za mapishi.

Namna ya kuzitofautisha: soma orodha ya viambato kwenye pakiti. Ukiona neno alkali au potasiamu kaboneti, hiyo iweke kwa keki nyingine.

Na msizidishe. Vijiko viwili vikubwa vinatosha. Ukiongeza kakao, rangi inazama, unaongeza rangi ya jeli kuifukuzia, na mwisho unapata uchungu kwenye ulimi.

Mchangiaji 3
Nyumbani kwetu hatutumii rangi za kiwandani, kwa hiyo nimekuwa nikioka kwa kiazisukari chekundu, wengine wanakiita bitiruti. Nitasema ukweli wote ili mtu asikate tamaa.

Rojo linakuwa na rangi nzuri ajabu, waridi iliyokolea. Likiingia kwenye oveni, rangi inaanza kukimbia. Rangi ya bitiruti haipendi joto kali na haipendi alkali, na bekingi soda ni alkali. Nilichofanya ni kuacha soda na kutumia bekingi poda, kuongeza maji ya limau, na kuoka kwa nyuzi 160 kwa muda mrefu zaidi. Bitiruti naichoma nzima ndani ya karatasi ya foili, naimenya, naisaga iwe laini kabisa.

Matokeo ni keki ya rangi ya zambarau yenye kingo za kahawia, yenye unyevu mwingi, na ladha ya mbali ya udongo ambayo kakao inaificha kiasi. Si nyekundu kama ya wengine. Watoto wangu ndiyo wanayoijua na ndiyo wanayoiomba.

Mchangiaji 4
Krimu jamani! Hapo ndipo watu wengi wanapolia. Krimu chizi ikichapwa sana inalegea na keki inaanza kuteleza.

Sababu ni kwamba krimu chizi ina maji mengi. Sukari ya aisingi inayavuta yatoke, na mashine ikizidi kupiga ule mshikamano wake unavunjika. Ukiona imekuwa majimaji ukaongeza sukari, unaongeza tatizo.

Utaratibu wangu: siagi laini gramu 115 na sukari ya aisingi gramu 300 navichapa vyenyewe hadi viwe vyeupe na vyepesi. Ndipo natia krimu chizi gramu 225, ya tofali, siyo ile ya kopo ya kupaka mkate, ikiwa bado na ubaridi wa friji. Nachapa hadi ichanganyike tu, nazima mashine.

Mchangiaji 5
Nakubaliana na mchangiaji 4, ila naomba tusiisahau krimu ya zamani ya keki hii, ile ya kupika unga na maziwa. Ilitumika kabla krimu chizi haijatawala.

Unga gramu 40 na maziwa mililita 240, koroga juu ya moto mdogo hadi upate uji mzito usio na madonge. Funika kwa plastiki iguse uso wa uji usifanye utando, acha upoe kabisa. Ukiwa na vuguvugu utayeyusha siagi na kazi yote itaharibika. Chapa siagi gramu 225 na sukari ya kawaida gramu 200 hadi chembe zipungue, kisha ongeza uji kijiko kwa kijiko.

Inatoka nyepesi, haina utamu wa kukaba koo, na inashika mapambo vizuri kuliko krimu chizi. Harusi ya mdogo wangu niliipambia keki kwa krimu hii na ilisimama hadi ilipokatwa.

Mchangiaji 6
Mimi ni mtu wa mapambo. Kwa red velvet adui ni makombo, kwa sababu yakigusa krimu nyeupe yanaonekana kutoka mlangoni.

Keki ipoe kabisa, ifungwe kwa plastiki, ilale kwenye friji usiku mzima. Ikiwa baridi inakatika bila kumong'onyoka. Sawazisha juu kwa kisu cha mkate. Panga tabaka, paka krimu nyembamba ya kufungia makombo, rudisha kwenye friji dakika 30 hadi ikauke mguso, ndipo upake krimu ya mwisho. Usirudishe kisu chenye makombo kwenye bakuli la krimu, futa kwanza.

Vile vipande ulivyokata juu visage kwa vidole, vikaushe kidogo kwenye oveni, vinyunyize kuzunguka kitako cha keki. Nyunyiza dakika za mwisho, kwa sababu vikikaa na unyevu rangi inavuja kwenye krimu. Mimi naishia hapo. Keki hii haihitaji maua mengi. Wekundu ule unapojitokeza kisu kinapopita ndiyo pambo lake.

Mchangiaji 7
Nawashukuru wote. Swali: zangu zinavimba katikati na kupasuka, halafu nikisawazisha napoteza keki nyingi. Nifanyeje?

Mleta mada
Dada, kingo zako zinaiva mapema kuliko katikati. Shusha joto hadi nyuzi 160 na uongeze dakika. Pia chukua kitambaa cha pamba, kiloweshe, kikamue, kikunje kiwe ukanda, ukifunge kuzunguka tini kwa nje kabla ya kuoka. Pembeni patachelewa kuiva na keki itapanda sawasawa. Pima rojo kwenye mizani pia, kila tini ipate uzito uleule. Ukioka, rudi utuambie zilitokaje.