Nimelipa dola 350 gari iinuliwe, sasa inatuua migongo!!

Wakubwa wa humu leo nimechoka kabisa. Niko na pikap Hilux ya 2002, ya mazoti (dizeli), ile ya bari za torsioni mbele (chuma ndefu zinazojipinda kufanya kazi ya springi) na resori za lami nyuma (vipande vya chuma vimepangwa juu ya vingine). Kila siku iko inabeba maziwa toka Sake kuja Goma, na munajua hizi avenue zetu, lava ya Nyiragongo haikutoka, tuliijengea tu juu, mawe yanakwangua karteri (bakuli ya mafuta chini ya injini) mpaka unasikia kwa meno. Njo nikaenda kwa fundi moja wa Birere, jina sitaji, nikamwambia inua gari kidogo. Kidogo!! Akanitoa dola 350.

Mbele akakaza bari mpaka mwisho, nyuma akaongeza lami mbili za gari ingine na jumeli ndefu (vile vyuma vinashika ncha ya resori kwa chasi), amortisere (shokamzoba) akaacha zile zile fupi. Gari ikasimama kweli, watoto wa avenue wakapiga makofi, mi mwenyewe nikapiga foto.

Kesho yake barabarani njo nikajua nimenunua nini. Ikiingia shimo mbele inagonga TAA! kama mtu amepiga marto chini ya miguu yako. Nyuma bila mzigo inaruka tu, kwenye kona inahama yenyewe. Mama mkwe alipanda mara moja, kufika Mugunga akashuka akatafuta motari, yeye anayeogopa pikipiki kuliko volkano. Maziwa je? Siku moja tumefungua bidon tukakuta siagi inaelea, wateja wananiuliza kama siku hizi natikisa kibuyu.

Nikarudi. "Papa, gari ya juu njo vile, utazoea." Mara ya pili: "Resori ni mpya, ngoja zilainike." Mpya gani na zilitoka kwa gari iliyokufa??

Basi nikalala mwenyewe chini na torshi. Mkono wa juu unaoshika gurudumu ya mbele umelalia ile kaucho inayozuia gurudumu isishuke, nikajaribu kupitisha karatasi ya asiransi hapo katikati, haikupita. Yani gurudumu ikikuta shimo haina tena pa kushukia, na amortisere nayo imeshavutika mpaka mwisho, inabaki chuma na mgongo wako. Kukaza bari hakuifanyi bari kuwa ngumu, kunainua tu gari na kula ile nafasi ya chini, sasa ye ameila yote! Angeinua sentimita tatu hivi, aache nafasi, apeleke gari kwa paralelisme (kunyoosha magurudumu), nani angelalamika? Paralelisme hakupeleka. Pineu za mbele zinakuliwa upande moja, na suflee (mfuko wa kaucho unaoshika grisi) ya kardani ya kushoto, ile chuma inayozungusha gurudumu, imeshapasuka ju kardani imekunjwa sana, grisi imejaa kwa jante.

Niko namwambia rudisha gari vile ilikuwa, pesa tutaongea baadaye. Anasema hawezi, jumeli zangu za mwanzo zilipotea garajini. Zipotee namna gani na nilizipaka rangi ya kijani kwa mkono wangu, rangi iliyobaki kwa mlango wa duka ya bibi yangu? Juzi pale rond-point Signers imesimama mbele yangu pikap moja nyeupe, naangalia chini nyuma: jumeli mbili, za kijani.

Mwenye hiyo pikap kama uko humu niandikie, sikugombani na wewe.