Tupeane uzoefu: fangasi wa ukeni wanaorudi kila mara

Mama Mapacha, Kadutu
Wamama na dada zangu, leo tuseme kwa sauti kile tunachonong'onezana kwenye robine tukichota maji. Mwaka jana fangasi walinishika mara 5. Muwasho usiolaza, uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda, mkojo unachoma. Nanunua ovuli, vidonge vya kuweka ukeni, farmasi ya kichochoroni, napumzika wiki mbili, wanarudi. Mpaka muuguzi mmoja akaniuliza: "Mama, na kifua chako unakitibu kwa dawa gani?" Kumbe siri iko hapo. Kila nikikohoa, na Bukavu hii ya mvua nani hakohoi, nilikuwa nameza amoksisilini bila kupimwa. Dawa ile inaua hata laktobasili, bakteria wetu wenyewe wanaotengeneza asidi na kulinda mahali pale. Fangasi haiwagusi kabisa, wanabaki na uwanja mtupu. Nimeacha kumeza ovyo, miezi 8 sasa sijawashwa. Wenzangu?

Dada Nyawera
Yangu haikuwa fangasi hata! Miezi 3 ya ovuli, bila faida. Maji mepesi ya kijivu, harufu ya samaki, zaidi baada ya tendo. Nikazidi kujiosha ndani: ndimu, shabu, sabuni, yote niliyofunzwa na mashangazi kabla ya ndoa. Labo wakapima, pH, yaani kipimo cha asidi, imepita 4.5, asidi imepungua: laktobasili wamepungua, bakteria wengine wamejaa nafasi yao. Nilipewa metronidazoli, dawa ya bakteria hao, miligramu 500, mara 2 kwa siku, siku 7. Harufu ilikwisha kabla dozi haijaisha, lakini nilimaliza. Mashangazi wanisamehe, ndani siingizi kitu tena. Naosha nje, kwa maji.

Yaya wa Bagira
Mimi bwana alinituhumu. Eti mikrobe hiyo nimeitoa nje. Akabeba godoro, akahamia kwa watoto. Tulikwenda wote kwa daktari, akamweleza kwamba Candida, ndio hao fangasi, hukaa mwilini mwa wanawake wengi bila shida, kwamba huu hauhesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, na kwamba yeye hahitaji dawa kama hana dalili. Alinyamaza njia nzima kutoka Ibanda. Godoro lilirudi usiku uleule. Msamaha bado naungoja.

Mgeni
Kitunguu saumu kinamaliza yote. Weka ndani usiku.

Mama Mapacha
Mgeni, mdogo wangu alikiweka, akaungua, akalia siku mbili. Hapana.

Mama Mkubwa, Panzi
Wanangu, mimi nina miaka 52. Walichukua uchafu wa ukeni, wakauangalia kwa darubini, fangasi kweli. Kisha daktari akasema tupime na sukari. Kisukari! Nami nilidhani kiu ile ni ya jua. Alinipa flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza, miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, halafu moja kila wiki kwa miezi 6, pamoja na dawa za sukari. Fangasi wakirudi mara 3 au zaidi kwa mwaka, alisema, si kazi ya ovuli moja tena. Mwenye mimba asimeze flukonazoli. Binti yangu alipokuwa mjamzito alipewa klotrimazoli ya kuweka, siku 7.

Dada Nyawera
Mama Mkubwa, shikamoo. Kipimo cha sukari kilikuwa bei gani? Mimi usiku naamka kukojoa mara tatu.