Tupeane uzoefu: msaada wa nje wakati wa uchaguzi, hapa Mombasa wafaa wapi na wakwama wapi?

MTONDOO WA TUDOR
Wadau, Agosti 10, 2027 si mbali. Kila uchaguzi wageni hutujia na vizibao vyenye nembo, magari na pesa za semina, kisha hurudi kwao sisi tukabaki na mitaa yetu. Mnaoijua kazi hii kwa undani, semeni. Visa vya "mimi siku ile" tuviweke kando, tupeane vitu vya kushika mkononi.

KILINDINI77
Kwanza tutenganishe makundi, maana huku kila mgeni mwenye kizibao huitwa "UN". Umoja wa Mataifa hauangalii uchaguzi ila kwa idhini ya Baraza la Usalama au Baraza Kuu, na hiyo hutolewa kwa nadra mno. Kazi yake ya kawaida ni ufundi: serikali au tume huomba, timu ya tathmini huja, ndipo UNDP, shirika lake la maendeleo, na wenzake wakaingia kwenye mafunzo ya maafisa na elimu ya mpiga kura.

Waangalizi ni wengine: Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya, Jumuiya ya Madola, Carter Center. Hao hufuata kanuni zilizozinduliwa New York Oktoba 2005. Wasajiliwe na IEBC, tume yetu ya uchaguzi, waulize, waandike, lakini wasiguse karatasi wala kumwamuru karani. Mwenye haki ya kupinga papo hapo ni wakala wa chama au mgombea. Watu hulalamika "aliona akanyamaza". Ndiyo, ndivyo anavyotakiwa.

BI SHARIFA KISAUNI
Tatizo ni kalenda. Umoja wa Ulaya huweka waangalizi wa muda mrefu wiki kadhaa kabla, wawili wawili, kila mmoja wa nchi yake, pamoja na mkalimani na dereva wa hapa. Hao ndio wa kuwatafuta mapema, kwa sababu wana muda wa kusikiliza habari za daftari la wapiga kura na vitisho vya mtaani. Wa muda mfupi huja siku chache kabla ya kura na huondoka upesi.

Taarifa ya awali hutoka yapata siku mbili baada ya kura, kujumlisha kukiwa bado. Mwaka 2017 wengi walisikia sifa za vituoni tu, lakini kilichokuja kuuangusha uchaguzi Mahakama ya Juu Septemba 1 ni upande wa kupeperusha na kuhakiki matokeo. Na 2022 kura ya gavana hapa Mombasa iliahirishwa kwa makosa ya uchapishaji wa karatasi, ikapigwa Agosti 29. Wiki tatu baada ya siku kuu, ukimtegemea mgeni wa muda mfupi umejitegemeza kwenye upepo. Kazi hiyo ni ya waangalizi wa ndani.

KARANI MSTAAFU
Mtu akija na pesa za mafunzo, mwambieni azimimine kwenye fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kila kituo. Mengine ni chai na mahamri.

Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi sanduku lionyeshwe likiwa tupu, nambari za lakiri zisomwe, na wakala aziandike kwenye daftari lake. Kura ya rais ndiyo huhesabiwa kwanza. Kisha hesabu ni hii: kura za wagombea wote zikijumlishwa ziwe sawa na kura halali, halali ukijumlisha zilizokataliwa upate karatasi zilizomo sandukuni, na karatasi zisizidi watu waliopewa.

Hapo ndipo hukosewa. Karatasi iliyoharibika ni ile mpiga kura aliyoirudisha akapewa nyingine, haiingii sandukuni. Iliyokataliwa imetoka sandukuni. Usiku wa manane, macho yamechoka, karani huchanganya hizo mbili na fomu haijumliki. Asubuhi mtaa mzima unaimba "wizi". Wakala ana haki ya kuomba kuhesabu upya, si zaidi ya mara mbili. Akikataa kutia sahihi aandike sababu. Sahihi yake ikikosekana matokeo hayafutiki kwa hilo pekee. Nakala ibandikwe mlangoni, naye aipige picha papo hapo, pembe zote nne zionekane.

MTONDOO WA TUDOR
Na ile hesabu ya sampuli ya waangalizi wa ndani, inaaminika?

KARANI MSTAAFU
Inaaminika ndani ya mipaka yake. ELOG, muungano wa waangalizi hao wa ndani, huchagua vituo kwa bahati nasibu, hukusanya matokeo yaliyobandikwa na hukadiria. 2022 mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.49. Pengo hadi nusu likiwa jembamba hivyo, kosa la sampuli hulimeza: haiwezi kukwambia kama kuna duru ya pili. Inaweza kukwambia kama takwimu rasmi zimeenda mbali na za vituoni.

LIKONI KWA FERI
Kuhusu amani, Likoni ilishambuliwa Agosti 13, 1997, na uchaguzi ulikuwa Desemba. Anayeleta pesa za amani mwezi Julai kwa kura ya Agosti amekuja kuzima moto, na kwa kawaida hata ndoo hana. Ombi la ufadhili huchukua miezi kabla awamu ya kwanza haijaingia benki, kwa hiyo andikeni sasa. Nauli za vijana zilipwe kwa M-Pesa kwa orodha iliyosainiwa. Bahasha za mkononi zimevunja vikundi vingi kuliko siasa.

Uvumi ushughulikiwe ndani ya saa moja. Mtu wa pale mahali athibitishe, kamati ya usalama ithibitishe, kisha itumwe sauti fupi kwenye WhatsApp, kwa Kiswahili cha watu. Bango la Kiingereza halijawahi kumtuliza mtu Mtongwe.

Na waangalizi wanaolala kisiwani wakitaka kufika Likoni usiku wa kujumlisha, wapange dereva ajue njia ya Dongo Kundu. Foleni ya feri haijui kibali.

MAMA WA JOMVU
Mmewasahau walemavu na wazee. Asiyeweza kuandika aje na msaidizi wake, na msaidizi husaidia mtu mmoja tu. Asiye naye husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala, hapo siri yake imekwenda. Kwa hiyo nauli ya msaidizi iingizwe kwenye bajeti ya mfadhili. Vituo vingi ni madarasa: mkaguzi apite mwezi mmoja kabla, apime mlango kwa kiti cha magurudumu chenyewe, ahesabu ngazi, na orodha ya vyumba vya chini ifike IEBC kwa maandishi, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa.